Intaneti ya nyumbani au ya biashara? Uliza kwanza nani atakuja laini ikikatika

TANGU Starlink ianze kuuza huduma zake nchini Julai 2023, vita vya bei za intaneti vimekuwa vikali, na sisi wateja tumefaidi. Agosti 2024 kampuni hiyo ilianza kukodisha vifaa vyake kwa Sh1,950 kwa mwezi ili asiye na pesa za kununua dishi asiachwe nje. Mwezi uliofuata Safaricom ikaongeza kasi ya faiba yake ya nyumbani bila kupandisha bei: kifurushi cha Sh2,999 kikatoka Mbps 10 hadi 15, na kipya cha Mbps 1,000 kikawekwa sokoni kwa Sh20,000. Siku hizi hata kwenye mlango wa duka la M-Pesa utakuta karatasi imebandikwa ikikuahidi Mbps.

Kuna jambo moja ambalo karatasi hizo hazisemi. Laini ikikatika Jumanne saa tisa alasiri, nani atakuja kuitengeneza, na atafika lini?

Kwa mtu anayetazama filamu jioni, hilo si swali zito. Atanung'unika, aweke simu chini, alale. Lakini wewe unayehariri video ukiwa Kahawa Wendani, unayejibu malalamiko ya wateja wa kampuni ya ng'ambo ukiwa Rongai, unayefundisha Kiswahili kwa Zoom ukiwa Nyali au unayeuza viatu moja kwa moja TikTok ukiwa Umoja, hilo ndilo swali la unga. Na ndilo linalotenganisha intaneti ya nyumbani na ya biashara, kuliko hata hiyo kasi tunayopigiwa kelele.

Ukimwambia muuzaji kwamba unafanya biashara kutoka nyumbani, atakusukumia kifurushi cha biashara na kukuhakikishia kuwa ni "thabiti". Ukimuuliza rafiki yako, atakucheka: kwani unataka kulipa zaidi kwa waya ule ule? Wote wawili wana nusu ya ukweli. Waya mara nyingi ni ule ule kweli. Kinachobadilika ni ahadi iliyoandikwa kwenye mkataba, foleni unayowekwa ukipiga simu, na idadi ya watu mnaogawana njia.

Tuanze na hiyo njia. Teknolojia inayotumika sana kufikisha faiba majumbani huitwa GPON. Uzi mmoja hutoka kituoni, hufika mtaani, kisha kifaa kidogo huugawanya kuwa nyuzi 32 au 64, kila mmoja ukaingia nyumba yake. Uzi huo mkuu hubeba karibu Gbps 2.5 za kupakua na Gbps 1.25 za kupakia. Sasa piga hesabu: nyumba 64 zikivuta zote kwa mpigo, kila moja inabaki na Mbps 38 hivi za kupakua. Aliyelipia Mbps 15 atatosheka na kusaza. Kwa hivyo ukiona video inazungukazunguka saa mbili usiku, usikimbilie kumlaumu jirani wa mlango wa pili. Mara nyingi msongamano uko mbele zaidi, pale kampuni inapounganisha mtaa mzima, au mji mzima, na dunia.

Hakuna kampuni inayonunua nafasi ya kuwatosha wateja wake wote wakiwa hewani kwa wakati mmoja, ingefilisika. Inakisia, kama makanga anayepakia watu akijua wengine watashuka Allsops. Mteja wa nyumbani hupangwa kwa makisio ya kubana. Wa biashara huachiwa nafasi zaidi kidogo. Aliyelipia laini yake mwenyewe hagawani na mtu, lakini bei ya hiyo ni ya benki na hospitali, si ya mtu wa bedsita.

Hapo ndipo saa yako ya kazi inapoingia. Tuseme mteja wako yuko New York. Saa zake za kazi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, huku kwetu zinaanza saa kumi au saa kumi na moja jioni na kuisha saa sita au saa saba usiku, kutegemea msimu wao. Yaani unaingia kazini wakati ule ule ambao mtaa mzima unarudi nyumbani, watoto wanafungua YouTube na jirani anawasha mpira. Mwenzako mwenye mteja London ana nafuu, maana tofauti ni saa mbili au tatu tu na siku yake inaisha saa moja au saa mbili usiku. Na anayehudumia wateja wa papa hapa Kenya mchana, mtaa ukiwa mtupu, huenda asijue msongamano ni nini. Watu watatu, kifurushi kimoja, majibu matatu. Ndiyo maana ule ushauri wa "mimi hutumia hii na iko sawa kabisa" usiuchukue mpaka umuulize huyo jamaa hufanya kazi saa ngapi.

Kitu kingine ambacho mabango hayakitaji ni kupakia. Ile Mbps kubwa iliyoandikwa kwa herufi nono kwa kawaida ni ya kupakua, yaani ya kuleta vitu kwako. Kazi nyingi za vijana siku hizi ni za kupeleka: video iliyohaririwa, picha za harusi, sauti ya podikasti, sura yako kwenye Zoom. Video ya GB 10 ikipandishwa kwa Mbps 5 itachukua karibu saa nne na nusu. Kwa Mbps 15 ni saa moja na nusu. Mteja anayesubiri hajui wala hajali kwamba nyumbani kwako unaweza kupakua kwa Mbps 80. Faiba kwa kawaida ina nafuu katika hili. Satelaiti na intaneti ya 5G hupakia kwa kasi ya chini sana ikilinganishwa na ile ya kupakua. Ukitaka kujua uliyo nayo, pima kasi ya kupakia kwa wiki nzima, saa zile zile unazofanya kazi, uandike mahali. Kupima mara moja saa nne asubuhi halafu kupiga picha ya skrini kwa furaha hakukusaidii kitu.

Turudi kwenye ile Jumanne alasiri.

Mkataba wa nyumbani kwa kawaida unaahidi kwamba kampuni itajitahidi. Basi. Inaweza kujitahidi leo, kesho au Ijumaa. Mkataba wa biashara, ule ulioandikwa vizuri, hutaja namba: huduma itakuwa hewani asilimia fulani ya mwezi, na hitilafu itashughulikiwa ndani ya saa kadhaa. Wenyewe huuita SLA. Litaje neno hilo ukiwapigia simu, utasikia sauti ya muuzaji ikibadilika.

Lakini usitishwe na asilimia. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Ukiahidiwa asilimia 99, kampuni inaweza kukuacha bila huduma saa saba na dakika 12 na bado ikasema imetimiza ahadi. Asilimia 99.5 ni saa tatu na dakika 36. Asilimia 99.9 ni dakika 43. Kwenye karatasi namba hizo zinafanana kama mapacha. Kwenye siku yako ya kazi, moja inakukosesha zamu nzima na nyingine inakupa muda wa kwenda kununua chapati na kurudi.

Kisha uliza: wakivunja ahadi, watakulipa nini? Aghalabu fidia ni kipande cha ada ya mwezi. Ukilipa Sh9,000 kwa mwezi na ukakaa siku nzima bila huduma, siku hiyo moja ina thamani ya Sh300. Yule mteja aliyekuacha kwa sababu kazi ya Sh40,000 ilichelewa hayumo katika hesabu yao. Kifurushi cha biashara si bima, na muuzaji anayekiuza kama bima anakudanganya. Unanunua fundi atakayefika mapema.

Na huyo fundi ana mipaka yake. Fikiria mambo yanayotuzimia intaneti katika nchi hii. La kwanza ni stima. Mwaka 2023 pekee giza lilitanda karibu nchi nzima Agosti 25, Novemba 11 na Desemba 10. Mara ya kwanza hata uwanja wa JKIA uliguswa. Mwaka 2024 sehemu kubwa ya nchi ikazimikiwa tena Mei 2 na Septemba 6. Hapo hujahesabu transfoma ya mtaa wenu inayolipuka kila mvua ikinyesha. La pili ni jembe na tingatinga: barabara inachimbwa, uzi unakatwa. Katika hili fundi wa haraka ana faida kubwa, na ndipo pesa za kifurushi cha biashara zinapofanya kazi yake.

La tatu liko mbali na uwezo wa fundi yeyote. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini na intaneti ikawa ya kusuasua Afrika Mashariki kwa siku kadhaa. Kampuni zenye njia nyingine zilihamishia mizigo yao huko, na hapo ukubwa wa kampuni ulisaidia, lakini hakuna fundi wa Ruaka angepiga mbizi baharini. Mwezi uliofuata, Juni 25, siku waandamanaji walipoingia Bunge, mtandao ulikwama tena. Mamlaka ya Mawasiliano (CA) ilikuwa imesema siku iliyotangulia kwamba haina nia ya kuzima intaneti, na Safaricom ikaeleza kuwa nyaya mbili za baharini zilikuwa na hitilafu. Uwe uliamini au hukuamini, kazi yako ilisimama vile vile.

Sasa pima mwenyewe. Katika mambo hayo matatu, kifurushi cha biashara kinakusaidia waziwazi katika moja tu. Stima ya chumba chako iko mikononi mwako, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ruta na kile kisanduku cha faiba havili stima nyingi, mara nyingi chini ya wati 20 kwa pamoja. Zile betri ndogo za ruta zinazouzwa Luthuli Avenue zinaweza kukuvusha. Usisome rangi ya boksi, soma wati-saa: betri ya wati-saa 40 ikiwasha vifaa vya wati 15 itakupa kama saa mbili na nusu, pengine pungufu kidogo. Laptopu ina betri yake. Hapo umeshapita giza la kawaida la jioni.

Kabla ya kuinunua, hata hivyo, fanya upelelezi kwenye ngazi za ploti yenu. Kile kifaa cha GPON kinachogawanya nyuzi hakihitaji stima. Kituo cha kampuni kikiwa na jenereta na ruta yako ikiwa na betri, utaendelea kufanya kazi jengo zima likiwa giza. Lakini majengo mengi yana mtindo mwingine: faiba au antena inaishia kwenye kisanduku kilichofungwa ukutani kule chini au juu ya paa, na kutoka hapo nyaya za kawaida zinapanda hadi kila nyumba. Kisanduku hicho kinatumia stima ya jengo. Stima ikipotea, kinakufa, na betri yako ya ruta inabaki kuwasha taa za ruta tu. Ukiona kisanduku chenye taa zinazomemeteka kwenye ngazi, muulize msimamizi wa ploti kama kina betri. Swali hilo moja linaweza kukuokolea elfu kadhaa.

Kwa sababu hizo zote, kwa kijana anayefanya kazi peke yake, nadhani pesa za kifurushi cha biashara zingetumika vizuri zaidi kununua njia ya pili. Lipia faiba ya nyumbani kila mwezi. Kisha uwe na modemu ndogo au hata simu ya zamani yenye laini ya kampuni tofauti, ambayo unaitilia bando siku ya dharura pekee. Mkutano wa Zoom wa saa moja wenye picha nzuri unaweza kula GB moja au zaidi, kwa hivyo jua mapema bando gani litakutosha, usianze kupiga hesabu mteja akiwa amesubiri kwenye skrini. Na sisitiza hilo la kampuni tofauti. Wengi wana faiba na laini ya simu kutoka kampuni moja, wanadhani wana milango miwili. Kampuni ikianguka, milango yote inafungwa pamoja.

Je, njia ya pili iwe satelaiti? Kwa aliye mahali ambapo faiba haijafika, satelaiti huenda ikawa ya kwanza kabisa. Mjini mambo yana mizengwe. Dishi linataka anga wazi na mwenye nyumba anayekubali utoboe paa lake. Linakula stima mara kadhaa kuliko ruta, kwa hivyo ile betri ndogo haitalitosha. Na nafasi yenyewe huisha: Novemba 2024 Starlink ilisitisha kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu ya msongamano, na haikufungua tena mlango hadi katikati ya 2025. Mtu aliyeiweka kwenye mipango yake ya dharura kipindi hicho alibaki akitazama anga.

Nisieleweke vibaya. Kuna wanaohitaji kifurushi cha biashara, na wakikwepa gharama hiyo wataumia. Wa kwanza ni mwenye mkataba unaomkata pesa akikosekana hewani. Kama umeandikiwa kwamba kila saa ya kukwama ina faini, unahitaji ahadi iliyoandikwa kutoka juu ili usibebe mzigo wote peke yako. Wa pili ni mwenye watu. Ukishageuza sebule kuwa ofisi ya vijana watano wanaopokea simu kwa intaneti, saa moja ya kukwama ni saa tano za mishahara, na mfuko wa bando la simu hauwezi kuwabeba wote.

Wa tatu ni yule ambaye mteja wake anamtaka awe na anwani ya IP isiyobadilika. Hili linahitaji maelezo kidogo. Anwani za IP za aina ya zamani, IPv4, zimekwisha duniani, kwa hivyo kampuni huwapa wateja wengi wa nyumbani anwani moja ya kugawana, kama nyumba nyingi zinazotumia sanduku moja la posta. Kwa kuvinjari haina shida. Lakini ukitaka kufikia kamera za duka lako kutoka mbali moja kwa moja, kuendesha seva nyumbani, au kama kampuni ya ng'ambo inaruhusu mfumo wake ufunguliwe kutoka anwani zilizosajiliwa pekee, sanduku la kugawana halitafaa. Vifurushi vya biashara kwa kawaida huja na anwani yako mwenyewe, au hukuuzia kwa nyongeza. Kabla ya kuhama kwa sababu hiyo tu, muulize mteja wako kama atakubali huduma ya VPN yenye anwani maalum, maana mara nyingi hiyo ni rahisi zaidi. Wengine watakataa kwa sababu za usalama. Hapo huna ujanja, lipa.

Kwa waliobaki, tazama mkataba kabla ya kutazama bei. Faiba ya nyumbani hapa kwetu kwa kiasi kikubwa ni lipa-mwezi-utumie-mwezi. Ukikosa kazi Januari, hulipi, inazimwa, unarudi Februari bila kesi. Mikataba ya biashara mingi hufunga mwaka mmoja au miwili. Sasa wewe ni kijana wa miaka 24, keja yenyewe umeingia kwa deposti ya kukopa, na mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi kesho. Ukihama Kasarani kwenda Juja na kampuni hiyo haina nyuzi huko, nani atalipa miezi 17 iliyobaki? Uliza hilo na uonyeshwe kifungu. Jibu la mdomo la muuzaji anayetafuta kamisheni litasahaulika hata kabla hujafika nyumbani.

Na kuna ploti ambazo huna hata nafasi ya kuchagua. Mwenye nyumba amekubaliana na kampuni moja, nyingine haziruhusiwi kuingiza waya, na unaambiwa hivyo ukiwa umeshalipa kodi na kupandisha kitanda. Kama unajua utafanya kazi nyumbani, kuuliza kuhusu intaneti kunafaa kutangulia kuuliza kuhusu maji, ingawa najua wakazi wa Nairobi hawatakubaliana nami hapo.

Kuhusu masharti: vifurushi vingi vya nyumbani vimeandikwa kuwa ni vya matumizi ya familia, na karibu vyote vinakataza kuuza tena huduma. Mtu mmoja na laptopu yake hawamsumbui yeyote. Ila wale wanaovuta waya dirishani na kuwatoza majirani Sh500 kila mmoja ili kupunguza gharama wajue mambo mawili. Kuuza intaneti kunahitaji leseni ya CA. Na zaidi ya hapo, unaharibu mtambo wa kazi yako mwenyewe: umejitengenezea msongamano ndani ya nyumba, halafu unailaumu kampuni. Soma pia kile kifungu cha matumizi ya haki. Intaneti "isiyo na kikomo" mara nyingi ina kikomo ambacho ukikivuka kasi inashushwa hadi mwezi uishe, na mhariri wa video hukifikia upesi kuliko familia ya watu sita.

Ushuru nao utatajwa na muuzaji: chukua ya biashara, utapata risiti ya KRA. Tangu Januari 1, 2024, gharama ya biashara inahitaji ankara ya eTIMS ili ikubalike kwenye hesabu za ushuru wa mapato, kwa hivyo ni kweli risiti ni muhimu. Lakini ikiwa uko chini ya ule ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unatozwa kwa mauzo yote na gharama hazitolewi, iwe intaneti ni ya nyumbani au ya biashara. Na kama biashara ni yako binafsi, PIN ni yako hiyo hiyo. Iombe kampuni iiweke kwenye ankara ya kifurushi cha nyumbani. Kulipia kifurushi ghali ili upate karatasi ni kununua ng'ombe kwa ajili ya ngozi.

Hesabu ya mwisho ifanye kwa namba zako. Tuseme unapata Sh60,000 kwa mwezi kwa saa 200 za kazi, yaani Sh300 kwa saa. Ukikwama saa saba katika mwezi, umepoteza Sh2,100. Kama kifurushi cha biashara kinakugharimu Sh5,000 zaidi na kinapunguza saa hizo hadi mbili, umelipa Sh5,000 kuokoa Sh1,500. Haiingii akilini. Lakini ikiwa saa hizo saba zote ziliangukia kwenye mikutano na mteja mmoja anayekuletea Sh45,000 kati ya hizo 60, hesabu inageuka kabisa, kwa sababu unachoweza kupoteza si Sh300 tena. Kwa hivyo weka daftari kwa mwezi mmoja. Andika kila kukwama: siku, saa, kulidumu muda gani, stima ilikuwepo au la, ulikuwa unafanya nini. Daftari hilo pia ndilo utakaloambatanisha ukipeleka malalamiko kwa kampuni, na kampuni isipokujali, kwa CA, ambayo ina utaratibu wa kupokea malalamiko ya wateja walioshindwa kuelewana na watoa huduma.

Kama daftari linaonyesha laini hufa stima ikipotea, nunua betri. Likionyesha kasi hushuka kila jioni ukiwa na mteja wa Marekani, jaribu kampuni nyingine kwanza, kisha kifurushi cha juu, kisha cha biashara. Likionyesha waya hukatika na fundi huja baada ya siku tatu, hapo zungumza na watu wa biashara, na uwaulize hizo saa zao za kutengeneza zinahesabiwa Jumamosi usiku au ni za siku za kazi tu.

Na kabla ya kutuma pesa kwenye Paybill yao, fanya jaribio hili moja. Jumapili saa tatu usiku, piga ile namba ya huduma kwa wateja wa biashara. Usijitambulishe kama mnunuzi. Sema laini imekatika na unataka fundi, kisha uanze kuhesabu dakika mpaka usikie sauti ya mtu.